Jino Lililokulia Dar

Daktari wa meno aliniinamia, akaniwashia taa mdomoni, akatazama kidogo, kisha akauliza: "Kaka, kwenu Arusha au Moshi?" Sikuweza kujibu, mdomo ulikuwa umejaa pamba. Nikainua kidole kimoja, nikimaanisha la kwanza. "Nilijua tu," akasema, akaendelea kutafuta mahali pa kuchoma sindano ya ganzi.

Swali hilo nimeshaulizwa na makondakta, na mama ntilie, na hata mama mkwe siku aliponitia machoni mara ya kwanza. Meno yangu ya mbele ni ya kahawia, yana michirizi myeupe kama chokaa, na moja lina vishimo vidogo ambavyo ukipitisha kucha unavisikia. Nilizaliwa Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, kando ya barabara ya kwenda Moshi. Nilipotimiza miaka saba baba alihamishiwa kazi Dar es Salaam, nikaanza darasa la kwanza Temeke. Meno ya utotoni yakang'oka, ya ukubwani yakaota, yakaota na rangi yake. Wiki haikuisha nikawa nimepewa jina: Strungi, yaani chai ya rangi.

Mama alinisugua kwa mkaa, kwa chumvi, kwa majivu, kwa ndimu. Ilipogonga mwamba akasema ni meno ya ukoo, kwani si unamwona babu yako? Maelezo yakatosha mpaka mdogo wangu, mzaliwa wa Temeke, alipoota meno meupe kama tui la nazi. Ukoo ukakosa la kusema.

Sasa siku hiyo nilikwenda kung'oa gego la mwisho kabisa, lile linaloota ukubwani na kuleta fujo. Lilitoka kwa shida. Daktari akaliweka kwenye kisahani cha chuma, akalisuuza, akanionyesha. Lilikuwa jeupe. Siyo jeupe la wastani, jeupe la mtu mwingine. Nikadhani amekosea sahani.

"Hili halikunywa maji ya Meru," akasema. "Limekulia Dar."

Nafundisha kemia kidato cha tatu, nimeifundisha miaka kumi na tatu, na nilikuwa sijawahi kulifikiria hilo. Enameli, lile ganda gumu la nje la jino, hujengwa likiwa bado limezikwa kwenye ufizi. La meno ya mbele huwa limekamilika mtoto akiwa na miaka minne au mitano. Magego ya pili hufuata, hadi miaka saba au minane. Gego la mwisho ndiyo kwanza linaanza kujengwa wakati huo. Likishakamilika, ganda halijengwi tena; kilichoingia kimeingia. Kwa hiyo mdomo wangu ni kama daftari la mahudhurio: hapa nilikuwa Maji ya Chai, hapa nimeshapanda basi.

Kilichoandika daftari hilo ni floridi, na floridi ni mtoto wa florini, na florini ndiyo kinara wa kundi la halojeni. Mwenye mzio wa kukariri jedwali la elementi asiogope, sitakariri. Darasani kwangu kitabu ni cha Kiingereza na mtihani ni wa Kiingereza, lakini mwanafunzi huelewa pale ninaposhuka kwenye Kiswahili, na ninaposhuka huwa nawapandisha daladala.

Abiria anatakiwa awe na sarafu nane ndipo atulie kwenye kiti. Halojeni ana saba. Aliyebakiza sarafu tano hata hahangaiki, anatembea kwa miguu. Lakini aliyebakiza moja! Huyo atakuomba, atakugeuzia mfuko, ataichomoa mkononi mwako ukizubaa. Halojeni zote ziko hivyo: elektroni, ndizo sarafu zetu, ni saba kwenye ganda la nje la atomi, na ya nane inatafutwa kwa udi na uvumba. Florini ndiyo yenye njaa kuliko elementi yoyote ile. Ni gesi ya manjano iliyopauka. Inafuata klorini, gesi ya kijani-njano. Kisha bromini, kimiminika chekundu-kahawia kinachofuka. Kisha iodini, chembe nyeusi zinazong'aa ambazo ukizipasha moto hutoa mvuke wa zambarau, na hapo ndipo darasa zima husimama. Kadiri unavyoshuka, njaa inapungua. Chini yake kuna astatini na tenesini, ambazo hutazikuta dukani wala popote, maana huoza zenyewe kabla hujazifaidi.

Upande wa pili wa daladala amekaa sodiamu, ana sarafu moja ya ziada inayomuunguza mfukoni. Metali ambayo ukiitupa kwenye maji inawaka. Anamkabidhi klorini, gesi inayoua. Wote wawili wanatulia, na wewe unawanyunyiza kwenye kachumbari. Jina halojeni lenyewe limetoka kwenye Kigiriki, maana yake mzaa chumvi.

Florini peke yake iliwatesa watu. Wanakemia kadhaa walijaribu kuitenga wakaishia kuungua mapafu, na wengine wakafa, mpaka Henri Moissan alipofaulu mjini Paris mwaka 1886. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1906, akafariki mwaka uliofuata. Lakini iliyoko kwenye maji ya kwetu siyo hiyo gesi. Ni floridi, yaani florini aliyeshapata sarafu yake akatulia. Shida ni kwamba hata akiwa ametulia, kuna mtu mmoja akimwona lazima amfuate: kalsiamu.

Hapa ndipo mambo ya Meru yanaponiuma kila nikiyaeleza. Miamba na majivu ya volkano ya Meru na Kilimanjaro yana floridi nyingi, na maji yanapopita humo huibeba. Mahali pengine kalsiamu ya ardhini ingeikamata, zikashikana, zikatuama kama jiwe. Lakini maji ya kwetu yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, ndiyo yale maji yenye asili ya magadi, na magadi yenyewe hubeba floridi. Basi floridi inateremka nayo, haijapata wa kumshika, hadi kwenye ndoo, hadi kwenye kikombe, hadi kwa mtoto, ambaye mifupa yake na meno yake ni kalsiamu tupu. Kalsiamu iliyokosekana mlimani inapatikana ndani ya mtoto.

Shirika la Afya Duniani linataka floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, kwa sababu ukifunga kila chanzo kinachozidi 1.5 watu wangekunywa nini? Pande zetu vimepimwa vyanzo vyenye zaidi ya 10. Na maziwa ya Momella, pale ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha watalii wanapopiga picha flamingo, yana mamia. Meno ni dalili nyepesi. Kuna watoto wa kwetu wenye matege ambayo siyo ya kukosa maziwa, na wazee ambao mgongo umekuwa ubao, hawawezi kugeuza shingo kuitikia salamu. Yule babu niliyetajiwa kama ushahidi wa ukoo alikuwa hivyo. Tulidhani ni uzee.

Jina la Maji ya Chai, kwa taarifa tu, watu husema limetokana na rangi ya mto. Wageni husikia jina, wakaona meno, wakajumlisha. Wamekosea hesabu. Floridi haina rangi, haina harufu, haina ladha. Maji meupe kabisa ya chemchemi yanaweza kuwa ndiyo mabaya kuliko ya mto.

Na kuyachemsha ni kuyazidisha. Hili nalisema kwa herufi kubwa kila nikienda likizo, na kila mara linapokelewa kwa adabu na kupuuzwa. Tumefundishwa tangu shule ya msingi kuwa maji salama ni yaliyochemshwa, na ni kweli kwa vijidudu. Lakini maji yakichemka kinachopaa ni maji, floridi inabaki sufuriani. Umechemsha lita mbili zikabaki moja na nusu, umebaki na floridi ileile kwenye maji machache zaidi. Dawa ya klorini nayo haiigusi.

Kinachoigusa ni mifupa. Pale Ngurdoto, mwendo mfupi tu kutoka nyumbani, kuna kituo cha utafiti cha kuondoa floridi kwenye maji, na njia yao maarufu ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Unachoma mifupa kwenye tanuri lisilopata hewa ya kutosha, unasaga iwe chembechembe, unajaza kwenye ndoo ya chujio. Maji yakipita, floridi inamwona kalsiamu, inabaki hapo. Yaani unampa mfupa wa ng'ombe ili asiutake wa mtoto. Kuchoma nako ni fani: ukichoma pungufu, maji yananuka bucha, ukichoma kupita kiasi, mkaa unageuka mweupe na unapoteza nguvu. Jirani yetu alipoletewa chujio aliuliza swali moja tu, na ni swali la haki: mifupa ya mnyama gani? Alipohakikishiwa ni ng'ombe akakubali. Tatizo lililobaki ni kwamba mkaa una kikomo, na kwa kuwa floridi haionjeki, huwezi kujua umeshachoka. Wa jirani nadhani ulichoka zamani. Bado anajivunia.

Ndugu msomaji utaniuliza, mbona dawa ya meno imeandikwa floridi? Kwa sababu ikipakwa juu ya jino kwa kiasi chake, inachukua nafasi ndani ya fuwele za enameli na kuzifanya zihimili asidi ya wadudu wanaokula sukari. Unasugua, unatema. Unywaji wa kila siku, tangu utotoni, ni habari nyingine. Ndiyo maana mtoto mdogo anawekewa dawa ya ukubwa wa punje ya mchele na kufundishwa kutema. Mimi niliyeharibika rangi kwa floridi nasugua kwa floridi ili nisafike. Nilicheka siku nilipoelewa, lakini siyo sana.

Mke wangu ni wa Makete, nyanda za juu kusini, na kwao hadithi ni kinyume: wao walikosa. Mama yake ana rovu, uvimbe mbele ya shingo ukubwa wa chungwa, ambao yeye huufunika kwa kitenge hata kwenye joto la Dar. Huko juu mvua imesafisha iodini kutoka kwenye udongo kwa maelfu ya miaka na kuipeleka baharini. Viazi havina, mahindi hayana, ng'ombe hana. Tezi ya shingo inayohitaji iodini kutengeneza homoni zake huvimba kwa kuhangaika, kama mvuvi anayetandaza wavu mkubwa zaidi kila samaki wanapopungua. Rovu ndilo linaloonekana. Lisiloonekana ni mtoto tumboni ambaye ubongo wake ulihitaji iodini hiyo akaikosa. Mke wangu anakumbuka wakipangwa mstari shuleni, kila mmoja anamezeshwa kidonge chenye mafuta. Ilikuwa iodini.

Kiasi chenyewe ni aibu kwa udogo. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Nimewapa wanafunzi wajumlishe miaka 70: haifiki gramu 4. Maisha yote, chini ya kijiko cha chai.

Siku hizi iko kwenye chumvi, ndiyo ile pakiti iliyoandikwa "yenye madini joto". Kila mwaka lazima kuna mwanafunzi anayeuliza kama ukiila sana unapata homa. Nawaambia walete chumvi ya kwao, kila mmoja kijiko kimoja kwenye karatasi, jina juu. Natengeneza uji mwepesi wa unga wa muhogo, naongeza ndimu na chembe za ayodaidi ya potasiamu kutoka kabatini, nadondosha tone kwenye kila kilima. Yenye madini joto inageuka bluu, iliyokolea hasa, papo hapo mbele ya macho. Isiyo nayo inabaki kama ilivyo. Mwaka jana pakiti nyingi zilikuwa bluu, chumvi ya mawe ya kupima kwa kopo ilibaki nyeupe. Kulikuwa na binti mmoja aliyeapa kuwa ya kwao ni ya pakiti, na tone likatoa kibluu kilichofifia kama wino uliofuliwa. Nikamuuliza mama huiweka wapi. Kwenye bakuli wazi, karibu na jiko. Hapo hapo tukamaliza somo: joto na unyevu huifukuza. Kopo lenye mfuniko, mbali na moto, na chumvi itiwe mwishoni mwa mapishi.

Aliyeigundua iodini hakuwa anaitafuta. Bernard Courtois, mwaka 1811, Ufaransa ya Napoleon ikihitaji baruti, alikuwa akichoma mwani apate chumvichumvi ya majivu yake. Akazidisha asidi, ukapanda mvuke wa zambarau. Wanawake wa Paje na Jambiani, Zanzibar, wanaopanda mwani leo wao wanauza kwa ajili ya ute wake, ambao huenda viwandani kugandisha vitu, dawa ya meno ikiwemo. Kwa hiyo kila asubuhi nasugua floridi iliyoshikiliwa na ute wa mwani. Bahari na volkano kwenye mswaki mmoja.

Klorini nilikutana nayo ana kwa ana, na kosa lilikuwa langu, mwalimu wa kemia. Jumamosi, choo kina alama, nimemwaga dawa ya kusafishia choo yenye asidi, naona haifanyi haraka. Nikaongeza dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ile ambayo mtaani kila chapa huitwa jiki. Ni mchanganyiko ninaowakataza wanafunzi kila muhula. Kukatoka povu, kisha harufu ya bwawa la kuogelea mara mia, kisha kifua kikafunga kama mtu kanikalia. Nilitoka kwa magoti. Na kwa magoti ndiyo kosa la pili, kwa sababu klorini ni nzito kama mara mbili na nusu ya hewa, inatambaa chini. Aprili 22 mwaka 1915, kule Ypres, Ubelgiji, jeshi la Ujerumani liliifungulia kwenye upepo ikateremka yenyewe kwenye mahandaki walimojificha askari. Mimi niliteremka kuifuata. Mke wangu alifungua milango yote, akanikalisha kibarazani, akaniuliza kwa upole mshahara wangu unalipwa kwa kazi gani.

Lakini msimu wa kipindupindu, ukiniambia nichague elementi moja ya kubaki nayo mtaani, nachagua hiyo hiyo. Kidonge kimoja kwenye ndoo ya lita 20, subiri nusu saa. Watu hulalamikia harufu. Mimi nikiisikia nafurahi: maana yake imebaki ya akiba. Maji ya kuchemsha ukiyamimina kwenye ndoo chafu yamerudi yalikotoka, ila klorini iliyobaki humo inaendelea kulinda hadi kikombe cha mwisho. Maji yenye tope lakini uyachuje kwanza kwa kitambaa safi, la sivyo klorini yote inaishia kupigana na tope.

Bromini nitaipita haraka kwa sababu haiingii nyumbani kwangu. Jina lake ni la Kigiriki, maana yake uvundo, na linafaa. Mchanganyiko wake mmoja ulitumika kuua wadudu wa udongoni kwenye mashamba ya maua ya Naivasha, Kenya, hadi ulipopigwa marufuku kwa kuwa unakula tabaka la ozoni. Kidogo sana cha bromini au iodini kimo kwenye taa za mbele za gari yangu, H4, ambazo fundi aliniambia nisizishike kioo kwa mkono mtupu. Alijua sababu ya nje: mafuta ya kidole yanapata moto, kioo kinapasuka. Nikamwambia ya ndani: uzi wa tangsteni ukiwaka unavukizwa kidogo kidogo, halojeni inaudaka mvuke huo, inaurudisha kwenye uzi. Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo anaiba, anarudisha?" Sijapata maelezo bora zaidi, nayatumia darasani.

Desemba iliyopita tulikwenda Maji ya Chai. Baba alistaafu, walirudi zamani. Binti yangu ana miaka minne, yaani meno yake ya mbele yanamalizia kujengwa sasa hivi, huko ndani. Nilibeba madumu matatu ya maji kutoka mjini. Najua wiki mbili hazimfanyi mtoto chochote, ukokotozi ninao. Ile ilikuwa hofu ya Strungi, siyo ya mwalimu.

Mama aliyaona madumu yakishushwa, akanyamaza hadi jioni. Kisha akasema, "Maji yetu yamekufanya nini?" Nikatabasamu ili ayaone. Akacheka bila kutaka, akafunika mdomo wake kwa khanga, maana na yeye anayo.

Nikamtolea lile gego. Nilikuwa nimelifunga kwenye karatasi, nalizunguka nalo kama hirizi. Akalipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akaligeuza, akalipapasa kwa kidole gumba. "La nani hili?" Nikamwambia ni langu, lilikulia Temeke. Alilishika muda mrefu. Sikumwambia zaidi, na hakuuliza.

Asubuhi alichemsha chai ya mjukuu kwa maji ya dumu, peke yake, kwenye sufuria ndogo, wala sikumkumbusha. Nikakaa mlangoni nikimtazama mtoto akipuliza kikombe. Mama akarudi jikoni kuinjika makande ya mchana. Mahindi yalikuwa makavu, yangechukua siku nzima. Nikasikia mfuniko wa kopo la magadi unafunguka.